Isyesye, Mbeya: michoro imerudishwa, Jiji wanataka mpango wa maji ya mvua na mmomonyoko. Unaandaliwaje?

Mwenyeji_Isyesye

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada, hasa wahandisi, wapima na mliozoea kupeleka michoro Jiji.

Eneo liko Isyesye, eka mbili, limepimwa na hati ipo. Upana ni mita 80, urefu wa kushuka ni mita 100, na kutoka mpaka wa juu hadi wa chini linateremka mita 12. Juu yake kuna mashamba ya mahindi, kama hekta 3, na maji yake yote huja kwetu yakiwa yametandaa. Chini kuna nyumba nne za watu, ila kona ya chini kushoto inagusa barabara ya mtaa yenye mtaro wa udongo. Upande wa kulia, kama mita 40 nje ya mpaka, kuna korongo linalopitisha maji masika tu.

Mradi ni nyumba sita za kupangisha na barabara ya ndani ya mita 6. Michoro ilipakiwa TAUSI (mfumo wa mtandaoni wa kuombea vibali vya halmashauri), imerudi na maoni haya: "Onesha utaratibu wa maji ya mvua na udhibiti wa mmomonyoko wakati wa ujenzi na baada ya ujenzi."

Hicho ni kibali kingine cha kuombea mahali pengine? Nani anakiandaa, na ndani kunawekwa nini hasa? Na kwa kuwa huu ni mwezi wa nane, tunaweza kuingiza kijiko (mashine ya kuchimba) kukata barabara ya ndani wakati karatasi zinaendelea?

---

MezaYaMichoro

Mkuu, kijiko kisubiri. Kukata barabara ni uendelezaji kama ulivyo ujenzi wa nyumba. Ukianza kabla ya kibali unajitafutia alama ya X, na hata bila X maombi yako yatasomwa kwa jicho kali kuliko ilivyohitajika.

Hapa kwetu hakuna karatasi ya pekee inayoitwa kibali cha mmomonyoko. Vielelezo vingi utakavyovikuta mtandaoni ni vya Marekani, ambako kuchimbua eneo la kuanzia eka moja kunadai kibali chake cha maji ya mvua ya ujenzi. Usinakili fomu zao ukazipeleka Jiji, zinachanganya tu. Kwetu jambo hili limo ndani ya kibali cha ujenzi, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 na kanuni za udhibiti wa uendelezaji za mwaka 2008, na linaguswa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Maana yake ni kwamba maombi ni yaleyale ya TAUSI, lakini unapaswa kuyaambatanishia michoro ya maji na barua za wenye sehemu ambako maji yako yataishia.

Naanza na kinachorudisha michoro mara nyingi. Mtu anachora mitaro ya wakati nyumba zimekwisha, mizuri, ina mifuniko, mishale ya buluu imepangwa, halafu mishale yote inakomea kwenye mstari wa mpaka. Ng'ambo ya mstari karatasi ni nyeupe. Afisa hahitaji kuwa mhandisi kuuliza: haya maji sasa ni ya nani? Kwako swali hilo ni zito zaidi kwa sababu chini kuna nyumba nne. Leo maji ya yale mashamba yanapita kwenye eneo lako yametandaa mita 80. Ukishachimba mtaro, maji yaleyale yanatokea kwenye tundu moja. Hujaongeza hata tone, lakini umetengeneza mto, na jirani akilalamika ana haki.

Kwa hiyo andaa karatasi tatu za michoro. Ya kwanza ni hali ilivyo sasa: mpima akuchukulie miinuko na kuchora kontua (mistari ya sehemu zenye kimo kimoja) za kila nusu mita, na zisiishie mpakani. Zivuke angalau mita 30 juu na mita 30 chini, zioneshe korongo, nyumba za jirani, mtaro wa mtaa pamoja na kina chake, na karavati (bomba la kupitisha maji chini ya barabara) ya kwanza ambayo mtaro huo unapitia. Ya pili ni wakati wa ujenzi, na hii ndiyo ambayo karibu kila mtu anaisahau: mlango wa magari uko wapi, udongo wa juu utarundikwa wapi, maji ya juu yanakingwa na nini, tope linakamatwa wapi, kipi kinafunguliwa kwanza na kipi kinafuata. Ya tatu ni baada ya ujenzi. Ambatisha kurasa mbili tatu za hesabu zenye mhuri wa mhandisi aliyesajiliwa ERB (bodi ya usajili wa wahandisi). Mbunifu wako wa majengo hawezi kuziba nafasi hiyo, hata kama amekuchorea nyumba vizuri.

Sasa barua. Mtaro wa barabara ya mtaa uko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), kwa hiyo huunganishi mpaka wakuruhusu kwa maandishi, na katika barua ya kuomba taja kiasi cha maji kwa lita kwa sekunde, usiandike "maji ya mvua" tu. Kama ungekuwa unatoa maji kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma, ungeenda TANROADS (wakala wa barabara kuu), na pale kuna hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Korongo ni suala la Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, ofisi yao iko hapahapa Mbeya. (Kwa wasomaji wa Iringa ni Bonde la Rufiji, wa Tukuyu ni Bonde la Ziwa Nyasa.) Sheria ya mazingira, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Korongo la msimu watu hubishania kama ni mto au si mto. Usijipimie na kujihukumia mwenyewe. Liko mita 40 kutoka mpakani kwako, kwa hiyo mita 20 za upande wa kulia zina shaka. Omba afisa wa Bonde aje, aone, aandike. Ikiwa utataka kumwaga maji humo, kibali chao ni lazima.

NEMC nao (baraza la mazingira), ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini. Sajili mradi wapangie kundi. Kundi A linadai tathmini kamili ya athari kwa mazingira, B1 ni la katikati, linaamuliwa baada ya kuchunguzwa, B2 halidai tathmini kamili. Nyumba sita si mradi mkubwa, lakini mteremko na korongo vinaweza kubadili mambo, na barua ya kundi ikiwa mkononi inamaliza ubishi.

Fuatilia barua za TARURA na Bonde kwa wakati mmoja. Ukisubiri moja iishe ndipo uanze nyingine, Novemba itakukuta mezani.

---

LitaKwaSekunde

MezaYaMichoro amemaliza upande wa ofisi. Mimi niweke namba, kwa sababu bila namba barua ya TARURA haiandikiki.

Kwa eneo dogo kama hili hesabu ni moja: zidisha kigawo cha mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka bila kunywea ardhini), ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, na hekta, kisha gawa kwa 360. Unapata mita za ujazo kwa sekunde. Nimetumia milimita 80 kwa saa ili tupate picha. Mhandisi wako achukue takwimu za TMA (mamlaka ya hali ya hewa) za kituo cha Mbeya na achague mvua kubwa inayotokea kwa wastani mara moja kwa miaka 10 au zaidi kadiri atakavyoambiwa.

Mashamba ya juu: 0.35 × 80 × 3 ÷ 360 = 0.233. Eneo lako likiwa limefunuliwa na kushindiliwa na magari: 0.6 × 80 × 0.8 ÷ 360 = 0.107. Jumla ni lita 340 kwa sekunde. Fikiria mapipa ya lita 200 karibu mawili yakimwagwa kila sekunde kwenye kona ile ya chini kushoto. Mtaro wa udongo wa mtaani, upana wa jembe moja, haupokei hayo.

Ona pia kwamba zaidi ya theluthi mbili ya maji hayo si yako. Ndiyo maana kazi ya kwanza kabisa, kabla ya kung'oa hata kisiki, ni mtaro wa kukinga kwenye mpaka wa juu. Maji ya shambani ni masafi kiasi; yakigusa udongo wako uliochimbuliwa yanakuwa tope, na tope ni ghali kulizuia. Maji masafi yapite pembeni yakiwa masafi. Ukiyachanganya, mtego wako wa tope itabidi uwe mkubwa mara kadhaa.

Mtaro huo: upana wa chini sentimita 50, kuta za mlalo wa 1 kwa 1, mteremko wa asilimia 0.5, yaani unashuka sentimita 40 tu katika mita zote 80. Maji yakifika kina cha sentimita 40 unapitisha kama lita 310 kwa sekunde kwa kasi isiyofika mita 1 kwa sekunde, na udongo wenye nyasi unavumilia. Chimba sentimita 60 ili ubaki na akiba ya 20. Udongo uliotoka uweke upande wa chini, ushindilie, uwe tuta. Mafundi wengi huutupa upande wa juu kwa sababu ndiko kijiko kiliposimama. Mvua ya kwanza unarudi mtaroni wote.

Mteremko wa nusu asilimia haupimwi kwa macho. Tumia mashine ya mpima, au bomba la maji na vigingi kila mita 10, kila kigingi kikishuka sentimita 5 kutoka kilichotangulia. Pakiwa na bonde dogo katikati maji yatasimama hapo, yatapanda tuta na kulivunja, na litavunjikia juu ya msingi wako.

Kigumu kinaanza mtaro unapogeuka kushuka ubavuni, mita 100 kwa mteremko wa asilimia 12. Hapo maji yaleyale yana kina cha sentimita 15 tu, mtu anaona madogo, lakini yanakimbia mita 2.6 kwa sekunde. Udongo wa huku una majivu na chembe nyepesi za volkano kutoka upande wa Rungwe. Kwa kasi hiyo unachimbika usiku mmoja, na mtaro wa nusu mita unaamka ukiwa korongo. Jenga kwa mawe na saruji, na uukate ngazi: kila mita 6 weka anguko la sentimita 60. Sehemu iliyo kati ya ngazi na ngazi inabaki na mteremko wa asilimia 2 na kasi inashuka hadi kama mita 1.3. Ngazi zinakuja kama 16. Chini ya kila anguko laza mawe makubwa urefu wa mita 1, yamezamishwa, kwa sababu maji yanayoanguka huchimba kwanza unyayo wa ukuta na ngazi nzima hulala kifudifudi. Na usijenge mawe juu ya kifusi kisichoshindiliwa. Saruji itapasuka, maji yatapita chini yake, juu utaona mtaro mzima wakati tumboni hamna kitu.

Mtego wa tope uwe kona ya chini kushoto, ndani ya mpaka wako. Kipimo kinachotumika sana ni mita za ujazo 126 kwa kila hekta inayomwaga humo. Kwako ni kama 100. Shimo la mita 14 kwa 5, kina mita 1.5, linatosha. Refu lake lilale kufuata kontua, maji yaingie ncha moja na kutokea ncha nyingine. Yakiingia na kutoka karibu hayatulii, tope linapita lote. Njia ya dharura iwe na upana wa mita 2, imejengwa kwa mawe, sentimita 30 chini ya kichwa cha tuta. Safisha likijaa nusu. Zungushia uzio, watoto hawajui kina cha maji ya rangi ya chai.

Shimo hilo usilifukie ujenzi ukiisha. Leo eneo lako, likiwa na nyasi, linatoa kama lita 62 kwa sekunde. Likiwa na mabati na barabara ngumu litatoa kama 116. Hiyo tofauti ndiyo TARURA watakayoikataa. Ukilisafisha shimo na kuweka bomba la kutolea la inchi 6 karibu na sakafu, maji yakisimama mita 1 juu yake linatoa kama lita 47, yaani chini ya ulivyokuwa ukitoa zamani. Andika hivyo kwenye barua, kwa namba. Ni sentensi yenye nguvu kuliko kurasa kumi za maelezo.

---

BatiNaGata

Kwa nini msimrahisishie? Kila nyumba ichimbiwe shimo la kunyonya maji, mita 3 kwenda chini, lijazwe mawe, maji ya bati yaingie humo. Hakuna barua ya TARURA wala ngazi 16. Udongo wa Mbeya unanyonya vizuri.

---

LitaKwaSekunde

Ndugu BatiNaGata, kwenye tambarare ningekuunga mkono. Kwenye mteremko wa asilimia 12 wenye nyumba chini, hapana. Bati la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 50 linatoa mita za ujazo 6. Nyumba sita ni 36, kwa mvua moja, na unaziingiza zote ndani ya mlima. Udongo huu unanyonya vizuri, hilo ni kweli, lakini ukishashiba unakuwa mzito na unapoteza mshikamano, na mahali ulipokatwa kupisha nyumba ndipo unapoachia. Itezi mwezi wa nne 2024, tope lilipotoka Mlima Kawetere na kufukia nyumba, hakukuwa na haja ya mashimo ya kunyonya. Mvua yenyewe ilitosha kuushibisha mlima. Usiusaidie.

Pia maji ya eneo hayatokani na bati peke yake. Barabara ya ndani nayo inamwaga maji mengi, na hiyo huwezi kuichimbia shimo.

Kinachofaa kwa bati ni simtanki ya lita 5,000 kila nyumba, ziada iende kwenye mtaro kwa bomba. Lakini usiihesabu simtanki kwenye mafuriko: ikifika Januari imejaa tayari, tone la ziada linapita juu. Kama lazima shimo la kunyonya liwepo, liwe chini ya nyumba zote, mbali na kingo zilizokatwa na kuta za kuzuia udongo. Likiwa nyuma ya ukuta, ukuta unabeba udongo na maji pamoja, na mhandisi alipiga hesabu ya udongo tu.

---

MezaYaMichoro

Naongezea hapo kwenye kuta. Ukuta wowote wa kuzuia udongo unaozidi mita 1 uwe na mchoro wake wa mhandisi. Kwenye mchoro waoneshe matundu ya kutolea maji, bomba la milimita 75 kila mita 1.5 hadi 2, na nyuma yake kokoto unene wa sentimita 30. Mafundi hutoboa matundu kwa mbele tu ili mkaguzi ayaone, nyuma ni udongo mtupu. Mkaguzi anayejua kazi hupitisha kipande cha nondo.

---

Mwenyeji_Isyesye

Nashukuru sana wakuu, sasa naelewa kwa nini walirudisha. Nina maswali mawili madogo. Mpaka wa chini wote, mita 80, naweza kupanga viroba vya mchanga badala ya kununua kitambaa cha kuzuia tope? Na kama vibali vitatoka Oktoba mwishoni, nianze au nisubiri Mei?

---

MizizoYaMteremko

Mimi ni mtu wa upande wa mimea na kazi za ardhi, nijibu hayo.

Viroba vya kawaida jua la huku huvila ndani ya miezi michache. Unavigusa vinachanika kama gazeti, mchanga wenyewe unageuka tope la ziada. Tena maji hayapiti ndani ya kiroba, yanatafuta pengo kati ya viroba viwili na kuchimba hapo. Vinafaa kwa dharura ya wiki mbili tatu, au kuelekeza maji mlangoni.

Uzio wa tope wa jiotekstaili (kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo) ndio unaofaa mpaka wa chini, lakini ujue mipaka yake. Mita 30 za uzio huhudumia kama mita za mraba 1,000. Mita zako 80 zinahudumia 2,700 hivi, na wewe una 8,000. Kwa hiyo uzio peke yake hautoshi hata kidogo; kazi kubwa ni ya mtego, uzio unakamata yanayotoroka kwenye sehemu ya chini tu. Usimamishe kufuata kontua, ncha zake zikunje kupanda juu kama mita 2, la sivyo maji yanazunguka pembeni. Nguzo kila mita 2, upande wa chini wa kitambaa. Chimba mfereji wa sentimita 15, laza pindo la kitambaa humo, fukia na ushindilie kwa miguu. Hapa ndipo panaponiudhi kila ninapopita kwenye saiti: kitambaa kimening'inia juu ya ardhi kama kanga kwenye kamba, maji yanapita chini, kila mtu anaamini kuna uzio. Na usiuweke kukatiza mtaro. Mtaroni weka vizuizi vya mawe, kimo nusu mita, katikati pawe chini ya pembeni kwa sentimita 15 ili maji yasile kingo. Kwa mteremko wa asilimia 8 vinakaa kila mita 6 hivi. Unyayo wa cha juu uwe usawa mmoja na kichwa cha kinachofuata.

Mlangoni mwaga mawe ya milimita 50 hadi 75, urefu mita 15, upana mita 4, unene sentimita 20. Ni mita za ujazo 12. Usiweke moramu hapo, inashikamana na matairi na kutoka na tipa mpaka barabarani, na malalamiko ya kwanza ya mtaa huwa ni tope la barabarani kabla hata ya mafuriko.

Mimea. Kingo zote zilizokatwa na tuta la mtaro wa kukinga panda vetiva (nyasi yenye mizizi mirefu), mche hadi mche sentimita 15. Mstari wa mita 80 unakula miche 530 hivi. Mstari hadi mstari, kila ardhi inaposhuka mita 1. Ukikosa vetiva, mabingobingo yanashika, ila yanatanuka na kuziba mtaro, lazima yakatwe. Wakati wa kupanda ni mvua zinapoanza, mwishoni mwa Novemba na Desemba. Vetiva ya kupandwa Juni na Julai kwa baridi ya huku inakaa kimya tu, haikui, na Agosti inakauka. Mahali pasipoguswa kwa wiki mbili funika kwa nyasi kavu au mabua, nusu kilo kwa mita ya mraba, na juu yake tupa vijiti visipeperushwe na upepo. Udongo wa juu uliokwanguliwa urundike upande wa juu wa eneo, mbali na mtaro, ufunikwe. Utauhitaji kupandia mwishoni, na ukiuacha wazi ndio utakaokuwa wa kwanza kulala kwenye mtego.

Sasa Oktoba. Mvua zetu huanza katikati au mwisho wa Novemba na zinakwenda hadi Aprili. Wiki tatu nne zinatosha kazi za kinga: mtaro wa juu, mtaro wa ngazi, mtego, mlango wa mawe, uzio. Fanya hizo, panda vetiva, kisha simama. Barabara ya ndani na majukwaa ya nyumba uvikate Mei. Ukiwa na haraka, jenga nyumba moja au mbili za chini kabisa, karibu na mtego, huku sehemu ya juu ikiwa na nyasi zake. Kosa kubwa ni kukodi kijiko mara moja na kukata eneo lote kwa sababu "kimekuja tayari". Unaokoa gharama ya kukileta mara ya pili, unanunua eka mbili za udongo mtupu usiku wa mvua ya kwanza.

Kifusi chochote kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20. Mlalo wa kingo za kifusi uwe mita 2 za kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kimo, za kukata mita 1.5.

---

MezaYaMichoro

Alichosema MizizoYaMteremko kuhusu awamu kiandikwe hivyohivyo kwenye karatasi ya pili, pamoja na miezi: "Awamu ya 1, Oktoba hadi Novemba, kazi za kinga tu. Awamu ya 2, Mei." Afisa akiona umeigawa kazi kufuata mvua, anaona kuna mtu aliyefikiri.

Weka pia jedwali la ukaguzi. Wenzetu wa Marekani hukagua kila siku 7, au kila siku 14 pamoja na ndani ya saa 24 baada ya mvua ya kuanzia milimita 6. Kwa masika ya Mbeya, chukua kila wiki na kila baada ya mvua kubwa. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, mvua ya jana kwa kopo la kupimia, kina cha tope kwenye mtego, kilichovunjika, nani amerekebisha na lini. Kopo lenyewe ni la kuta zilizonyooka na rula, usiliweke chini ya mti.

Kibali kikitoka, kabla ya kijiko kuingia: mkandarasi asajili mradi CRB (bodi ya makandarasi), kibao cha mradi kisimame, eneo lisajiliwe OSHA (wakala wa usalama na afya kazini), na nakala ya kibali pamoja na karatasi ya pili zikae saiti, si ofisini mjini. Halafu mwalike mkaguzi wa Jiji aje aone kazi za kinga kabla hujafungua sehemu nyingine. Aweke saini kwenye daftari.

---

Mwenyeji_Isyesye

Ndaga fijo wakuu. Mpima anakuja Jumatatu kwa ajili ya kontua, nimemwambia avuke mpaka mita 30 juu na chini. Ile karavati ya kwanza ya mtaani niliipima leo: ni ya milimita 600, na nusu yake imejaa mchanga.

---

LitaKwaSekunde

Basi piga picha ukiwa umeweka rula ndani, picha iambatane na barua ya TARURA kabla hujachimba chochote. Omba waisafishe, na uandike kwamba maji yako yatapita humo. Kipimo cha 600 kikishaziba hakisafishiki kwa mkono kirahisi, mtu haingii. Wakikubali kuibadilisha, pendekeza 900. Bila picha hiyo, masika ikifika mchanga wote uliomo utaambiwa umetoka kwako.